Upepo wa Kusi Ukianza: Namna ya Kupata Wimbi Zuri Ujiji na Kigoma

Ukitaka kuteleza kwenye mawimbi ya Ziwa Tanganyika, anza na upepo. Ziwa hili halina kujaa na kupwa kwa kila siku. Halipokei mawimbi yaliyosafiri siku nyingi kutoka mbali, kama pwani ya Bahari ya Hindi inavyopokea. Wimbi utakalolipanda Ujiji leo limetengenezwa na upepo wa leo au wa usiku wa jana, juu ya maji haya haya. Jua upepo unatoka wapi, umevuma kwa muda gani na utakoma saa ngapi. Hapo nusu ya kazi imekwisha.

Huhitaji kuwa bingwa. Ubao mwepesi, kuogelea kwa kujiamini na mwenzako mmoja anayeogelea pia vinatosha kuanza. Kama hujui kuogelea, jifunze kwanza kwenye maji yaliyotulia, kisha urudi hapa.

Kalenda ya upepo

Msimu wako mkuu ni kiangazi, Mei hadi Septemba. Ndipo upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu na kwa mfululizo, hasa Juni, Julai na Agosti. Ziwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50 tu, na milima imelibana pande zote mbili. Kusi inapita humo kwa urefu. Kutoka Mpulungu, Zambia, hadi Ujiji kuna zaidi ya kilomita 400 za maji. Upepo ukipata njia ndefu namna hiyo na ukavuma bila kupumzika, mawimbi yanakua na kujipanga.

Kujipanga ndiko unakokutafuta. Wimbi la kiunoni lililokuja kwa mstari litakubeba hadi mchangani. Wimbi la kichwani lililovurugika litakupiga tu.

Kusi huja kwa vipindi. Itavuma siku kadhaa, ipungue, kisha irudi. Saa nzuri kuliko zote ni ile ambayo upepo unaanza kulegea baada ya kuvuma sana. Mawimbi bado yapo, na uso wa maji umeanza kulainika. Wakati upepo wenyewe umepamba moto, kaa juu, tazama, subiri.

Wanaoteleza kwenye Ziwa Michigan, Marekani, wanaishi kwa kanuni hiyo hiyo. Mji wa Sheboygan ulikuwa na mashindano yake ya mawimbi ya ziwani, Dairyland Surf Classic, yaliyoanza mwaka 1988. Wao huvizia dhoruba za vuli na za majira ya baridi, na huingia majini wakiwa ndani ya nguo nzito za mpira. Wewe una bahati kubwa. Huku kwetu maji ya juu hukaa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima. Bukta na fulana ya mikono mirefu vinatosha. Beba sweta la kuvaa ukitoka, maana asubuhi za Julai upepo una baridi.

Ila saa hiyo nzuri ni fupi. Baharini mawimbi yanaweza kuendelea siku nzima baada ya upepo kufa. Ziwani yanazimika ndani ya saa chache. Kwa hiyo ubao ukae tayari mlangoni, na bodaboda wako awe ameshajua kwamba utampigia alfajiri.

Kati ya Septemba na Oktoba kusi inakwisha. Utapata siku nyingi za maji bapa. Tumia kipindi hiki kujenga mabega: lala juu ya ubao, piga makasia kwa mikono kando ya ufukwe, rudi. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki na msimu ujao hutachoka baada ya mawimbi matano.

Novemba hadi Aprili ni mvua. Upepo wa kawaida ni dhaifu, na mara nyingi unatoka upande wa kaskazini. Kutoka Bujumbura hadi Kigoma ni takriban kilomita 170 tu, kwa hiyo hata ukivuma vizuri hauna nafasi ya kutengeneza wimbi kubwa. Kama umewahi kwenda Paje, Unguja, umeona kaskazi ya Desemba hadi Februari inavyowapa kazi watu wa kaiti. Usiitegemee huku.

Kitakacholeta mawimbi wakati wa mvua ni dhoruba, nayo inakuja haraka. Wingu jeusi linasimama juu ya milima ya Kongo, upepo wa ubaridi unakugusa usoni, na ndani ya dakika chache ziwa limechafuka. Mawimbi ya dhoruba ni mafupi, yamesongamana, na hugongana kutoka pande mbili. Usiyaingie hata kama yanavutia. Kwa kifupi: kiangazi teleza, wakati wa mvua fanya mazoezi.

Kina cha maji nacho kina msimu wake. Ziwa hupanda na mvua na kufika juu karibu na Mei, kisha hushuka polepole kiangazi chote. Tofauti ya mwaka wa kawaida haifiki mita moja. Lakini kuna miaka isiyo ya kawaida. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yalipanda sana na kumeza fukwe, nyumba na gati kando ya ziwa zima. Maana yake kwako ni hii: mahali palipokuwa mchanga mtupu pengine sasa pana kisiki, msingi wa ukuta au nguzo chini ya maji. Kila mwanzo wa msimu, chagua siku tulivu, vaa viatu vya plastiki, utembee sakafu yote utakayoitumia. Usiruke kichwa mbele popote.

Saa za kuingia

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua linachelewa. Juni na Julai huchomoza saa moja na dakika kadhaa asubuhi. Fika ufukweni saa moja, ingia kukiwa na mwanga kamili.

Asubuhi upepo mwepesi wa nchi kavu hushuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Unalipuliza wimbi usoni na kulisimamisha kidogo kabla halijapasuka. Hiyo ndiyo saa safi. Jua likipanda na ardhi kupata joto, upepo wa ziwani unaingia na kuvuruga kila kitu. Mchana pumzika. Jioni, kama upepo umetulia kabla ya jua kuzama, unaweza kupata nusu saa nyingine nzuri. Toka kabla giza halijaingia.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Upepo huo wa asubuhi unaokupendeza ndio huo huo unaokusukuma kwenda katikati ya ziwa. Ukilala juu ya ubao na kupumzika nyuma ya mawimbi, unasafiri bila kujua. Kabla ya kuingia, chagua alama mbili ufukweni zilizo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mwembe na paa la bati nyuma yake. Zikiachana, mkondo unakuvuta pembeni. Na ukishindwa kutofautisha mtu mmoja na mwingine pale mchangani, umekwenda mbali. Rudi sasa hivi, kabla hujachoka.

Ukizidiwa, usiuache ubao. Ubao unaelea na unaonekana. Kichwa cha mtu hakionekani.

Tumia utabiri, lakini ujue kuusoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa za upepo na mawimbi kwa maziwa makuu pia. Ukiona neno angalizo au tahadhari, panga jambo lingine siku hiyo. Kwenye programu za simu kama Windy, angalia vitu viwili tu: mshale wa upepo na saa ya kubadilika. Kusi iliyovuma usiku kucha na itakayopungua alfajiri ndiyo picha unayoitaka. Kisha ukahakikishe kwa macho, kwa sababu programu hizo hazivijui vilima vyetu vizuri.

Wapi pa kwenda

Ujiji kwanza. Ufukwe wake umeelekea ziwa pana, una mchanga, na sakafu inashuka taratibu. Vitu hivyo vitatu pamoja si vya kawaida Tanganyika. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 mahali penye kina kikubwa zaidi, na sehemu nyingi milima inaingia majini moja kwa moja. Wimbi halipasuki mpaka likute sakafu. Likikuta mteremko mkali linapasukia miguuni pako, puu, na limekwisha. Likikuta mteremko mpole linapasuka mbali, linakupa mita kadhaa za kuteleza. Kwa hiyo mchanga wa Ujiji ni mali. Kutoka kwenye makumbusho ya Livingstone unatembea kuteremka hadi majini. Ukifika, geuka kushoto na kulia ukatafute sehemu isiyo na maboti.

Usivutwe kwenda mbali kusini, kwenye mdomo wa mto Luiche. Matope ya mto hutengeneza sakafu nzuri ya kupasulia mawimbi, hilo ni kweli. Lakini midomo ya mito na matete ni makao ya mamba na viboko. Kanuni hiyo inahusu Malagarasi pia, na mto wowote ule. Hakuna wimbi lenye thamani hiyo.

Ghuba ya Kigoma mjini ni kinyume cha Ujiji. Rasi ya Bangwe inaikinga dhidi ya kusi, ndiyo maana bandari iko pale. Siku ambayo Ujiji kunachafuka, ndani ya ghuba unaweza kukuta maji ya kufundishia mtoto. Patumie kwa mazoezi ya makasia, mbali na njia ya meli na maboti.

Upande wa pili wa Bangwe, kuelekea Katonga na Jakobsen Beach, kuna vijighuba vya mchanga vilivyozungukwa na mawe. Maji ni maangavu, samaki wa rangi wanaonekana kwa miwani ya kuogelea. Panafaa kuogelea na kujifunza kulala juu ya ubao. Kwa mawimbi ya kusi mimi sipapendekezi: nafasi ni ndogo na mawe yako karibu mno. Wimbi likikukosesha mwelekeo, unakwenda kugonga jiwe.

Kibirizi ni kituo cha maboti yanayokwenda Gombe na vijiji vya kaskazini. Injini, kamba, abiria. Pita.

Dakika kumi za kutazama

Ukifika, usivue viatu. Simama juu kidogo, tazama kwa dakika kumi.

Hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikiwa mbili au tatu, hayo ni makunyanzi ya upepo tu, rudi nyumbani. Zikifika tano au sita, una siku. Mawimbi ya ziwani hufuatana haraka kuliko ya baharini, kwa hiyo usisubiri yale mapumziko marefu uliyoyazoea pwani.

Tazama wapi yanapasuka. Likipasuka mahali pale pale mara kwa mara, chini pana fungu la mchanga. Hapo ndipo utakapojiweka.

Tazama pia pale yasipopasuka. Ukiona mkanda wa maji yaliyotulia kati ya povu mbili, wenye rangi ya mchanga na takataka zinazoelekea ziwani, huo ni mkondo wa kurudi. Maji yote yaliyosukumwa ufukweni yanatokea hapo. Watu wengi huchagua kuogelea hapo kwa sababu panaonekana shwari. Wewe usiingie. Ukinaswa, usipigane nao uso kwa uso. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkanda, kisha acha mawimbi yakurudishe.

Ubao

Kama unasafiri, njoo na wako. Chagua mnene kuliko unaoutumia baharini. Maji yasiyo na chumvi yanabeba kidogo kuliko ya bahari, tofauti ya karibu asilimia 3, na utaihisi kifuani. Ubao mwembamba uliokuelea Dar utakuzamia Ujiji.

Kama unaishi Kigoma, usingoje wa dukani. Ujiji kuna mafundi wa mitumbwi na maboti wanaojua mbao na maji kuliko mtu yeyote. Nenda ukaongee na mmoja. Mweleze unataka ubao wa kulalia kifua: plaiwudi nzuri ya milimita 12, urefu kutoka chini hadi kitovuni mwako, upana wa kifua chako, ncha ya mbele iwe ya mviringo na ipinde juu kidogo ili isichimbe maji. Kingo zipigwe msasa hadi ziwe laini kabisa. Paka rangi ya maboti, na uchague nyekundu au njano ili uonekane kutoka mbali. Sugua mshumaa upande wa juu ili tumbo lisiteleze. Toboa tundu nyuma, funga kamba fupi ya kuvaa mkononi.

Ubao huo hautakuelea ukiwa umekaa juu yake. Hauhitaji. Unauchukulia mawimbi ukiwa umesimama, maji yako kiunoni, na hapo ndipo mwanafunzi anapotakiwa kuwa.

Kulipanda lenyewe

Anza na povu. Simama maji yakiwa kiunoni, ubao mbele ya tumbo, uso kuelekea ziwani. Acha mawimbi mawili yapite. Likija la tatu na povu lake, geukia ufukweni, ruka mbele pamoja nalo, lala juu ya ubao, mikono imeshika ncha. Piga miguu. Kidevu juu. Likikubeba, egemea upande mmoja uone linavyokugeuza.

Fanya hivyo mpaka lisikushinde kabisa. Baada ya hapo ndipo usogee hatua chache mbele, ulichukue kabla halijapasuka. Kosa la kila mwanafunzi ni kuchelewa kuanza. Anza kupiga miguu wakati wimbi bado liko mita tatu nyuma yako.

Ukianguka, funika kichwa kwa mikono kabla ya kuibuka. Ubao wako unaweza kuwa juu yako, au wa mwenzako.

Radi, konokono na kipindupindu

Ukisikia ngurumo, toka. Haijalishi mvua iko mbali kiasi gani. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na wewe ndiwe kitu kirefu pekee juu ya uso wa maji. Usijikinge chini ya mwembe. Ingia ndani ya nyumba au gari, na usirudi majini mpaka nusu saa ipite bila ngurumo.

Kichocho kipo sehemu kadhaa za ziwa. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo ufukwe wa mchanga wenye mawimbi ni afadhali kuliko kona ya matete. Jifute kwa taulo mara tu unapotoka. Kama unaingia majini mara kwa mara, nenda kituo cha afya au hospitali ya Maweni ukapime. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi.

Usinywe maji ya ziwa. Kipindupindu kimeshapita kando ya ziwa hili zaidi ya mara moja. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji yote ya mji inamwagika majini. Upe ufukwe wa mjini siku mbili tatu usafike. Beba maji yako ya kunywa, na usiyaache yaishie kwenye begi: ziwani huhisi kiu, lakini unapoteza maji mwilini.

Pwani ya mawe, angalia unapoweka mkono. Kuna swila wa majini anayeishi kati ya mawe. Hukimbia mtu, ila usimkanyage.

Wenye mwalo

Ufukwe una wenyewe. Kabla ya kuweka ubao chini, waone viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wa mwalo huo. Anza na shikamoo, eleza unachotaka kufanya, uliza mahali ambapo hutaingilia kazi. Watakuambia pia jambo ambalo simu haitakuambia: wapi kuna nyavu, wapi mtu alizama, upepo wa leo una tabia gani. Nahodha aliyerudi alfajiri ametoka kwenye mawimbi hayo hayo. Muulize yeye kabla ya mtu mwingine.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa na kurudi asubuhi, saa ile ile unayoitaka wewe. Boti linaloingia lina haki ya kwanza, kila mara. Usikatize mbele yake, usisogelee wavu, usipite juu ya dagaa walioanikwa mchangani. Usiku wa mbalamwezi taa haziwavuti dagaa vizuri, kwa hiyo maboti mengi hupumzika. Asubuhi zinazofuata ufukwe una nafasi zaidi. Linganisha kalenda ya mwezi na kipindi cha kusi, utapata asubuhi zako bora.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Angalia kipindi hicho kimekaa wapi: katikati kabisa ya kusi. Ukikuta ziwa limefungwa, utapata ufukwe mtupu, lakini pia hakuna boti jirani la kukuokota. Siku hizo vaa jaketi la kuokolea bila mjadala, na usiende mbali kuliko pale unapoweza kusimama. Mwenzako mmoja abaki nchi kavu na simu yenye chaji, ndani ya mfuko wa nailoni. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114. Aweke pia namba ya nahodha aliye karibu na mwenye boti lenye mafuta, kwa sababu huyo ndiye atakayefika mapema.

Ujiji ni mji wa watu wenye staha. Ukitoka majini jifunge khanga au uvae suruali kabla ya kupanda mtaani.

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi ya kiangazi andika mstari mmoja: upepo ulitoka wapi usiku, ulilegea saa ngapi, sekunde ngapi kati ya mawimbi, mwezi ulikuwaje. Andika hata siku ambazo hukuingia. Mwaka unaofuata, mwezi Juni ukikaribia, fungua ukurasa wa kwanza na umpigie bodaboda.